Sura Niliyompa Binti wa Watu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo siikumbuki kwa kupenda. Hunijia yenyewe, hasa nikinusa rangi ya mafuta. Jana ilinijia tena pale uliponiletea ile picha uliyonichora. Ulisimama mlangoni ukaniuliza, "Babu, kwani unaona mimi ni msanii kweli?" Nami nikajifanya nakohoa. Ukaondoka umenuna, usidhani sikukuona. Haya, leo vuta kigoda ukae, nikwambie kilichonikohoza. Ila nakuonya mapema, usingojee jibu lililonyooka. Hilo swali nimezeeka nalo na bado linanichanganya kichwa.

Halafu hiyo picha yenyewe. Umenipa meno yote! Mimi meno yote nimeyatoa wapi? Bibi yako amecheka mpaka ameshika ukuta. Tutairudia baadaye.

Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa kijana ninayekaribia kuoa. Kwetu ni Bukiriro, watu wa migomba, kahawa na Misa ya Jumapili, na baba yangu hakuwa na shaka kwamba mwanawe wa tatu naye angeshika jembe. Mimi na jembe tulikuwa hatupatani. Nikatorokea Ngara mjini kwa Fundi Abdalla, mzee mchora vibao, ambaye babu zake walipanda kutoka pwani na biashara ya vitambaa na chumvi, wakasahau kurudi. Alikuwa na kanzu moja ya kazi iliyokwisha kula rangi zote za dunia, na ulimi mkali. Alinifundisha herufi kwanza, kisha kivuli cha herufi, na mwisho kabisa akanifundisha sura.

Nasema sura, sisemi sura nyingi. Ilikuwa moja tu, ya mwanamke wa kwenye vibao vya saluni: shingo ndefu, nyusi nyembamba zilizopinda, macho makubwa yakitazama pembeni kidogo, midomo imefumba lakini inataka kusema. Kila saluni ya mji ule ilikuwa naye. Nilimnakili mpaka nikawa namchora huku napiga soga, wala mkono siutazami. Sura nyingine sikuijua, na sikuona haja ya kuijua.

Kisha watu wakavuka mpaka wakikimbia vita. Shuleni mmesomeshwa kidogo habari hizo, lakini kusoma si kuona. Walikuja kwa daraja la Rusumo siku baada ya siku, na vile vilima vya Kasulo tulivyovijua kwa nyasi tupu vikafunikwa maturubai ya buluu mpaka macho yalipoishia. Maofisi ya misaada yakahitaji vibao: MAJI, ZAHANATI, CHOO CHA WANAWAKE. Fundi Abdalla magoti yalikuwa yameshamgomea, akanituma mimi. Nikapanda lori na makopo yangu ya rangi na brashi tatu, na haikupita muda kambi ikanijua. Wakaniita Msanii. "Msanii, njoo huku! Msanii, umekula?" We, mwanangu, jina hilo lilinipanda kichwani. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji, na mimi nilikuwa nasifiwa asubuhi na jioni.

Basi siku hiyo ninayoisema nilikuwa namalizia kibao cha zahanati, akaja mama mmoja akaketi chini karibu yangu. Aliketi mpaka nikaona haya. Nikamsalimu, akaitikia, akajitaja: Konsolata, mkulima wa ng'ambo ya mto, mjane. Lugha yao na Kihangaza chetu ni ndugu, kwa hiyo hatukuhitaji mkalimani. Akaniambia kwamba siku ya kuvuka, katika kusukumana pale darajani, mkono wa binti yake ulimponyoka. Mtoto wa pekee, miaka kumi na minne. Ulikuwa mwezi wa tatu sasa na hajakutana na mtu hata mmoja aliyemwona. Picha hakuwa nayo, ilibaki kwenye nyumba iliyoungua. Na jina la mtoto alikataa lisiandikwe mahali popote, kwa sababu siku zile watu waliogopa hata majina yao wenyewe. Hukujua nani anakutafuta kwa wema na nani kwa ubaya. Mimi alininong'oneza sikioni, na mpaka leo sijalitaja, hata kwa bibi yako.

"Wewe unachora watu," alisema. "Nichoree huyu, tumweke upande wa pili wa kambi, kule ambako miguu yangu haifiki."

Akaanza kunieleza. Jicho lake la kushoto huanza kucheka kabla ya la kulia. Unyusi wa kushoto umekatwa katikati na kovu la mwiba. Meno ya juu, moja limempanda mwenzake. Kichwa kirefu cha babu yake. Akisimama, bega moja liko chini, kwa sababu alianza kubeba maji akiwa bado mdogo mno.

Je, nilimsikiliza? Nilikuwa nasema "ndiyo, mama, ndiyo," huku mkono umeshaondoka peke yake. Mkono ulikuwa unaijua njia: shingo ndefu, nyusi nyembamba, macho pembeni. Kovu niliona litaniharibia kazi, nikaliacha. Meno nikayafunika na midomo. Nikajiambia, huyu mama ana majonzi, mpe binti yake akiwa mzuri angalau apate faraja. Kwa akili yangu ya wakati ule, usanii ulikuwa ni huo, kuchukua kilichopinda na kukinyoosha.

Nilipokigeuza kibao, watu walikuwa wamejaa nyuma yangu. Wakapiga makofi, na mwanamke mmoja akapiga vigelegele. Konsolata alikipokea kwa mikono miwili, kama tunavyopokea zawadi sisi na wao, akakitazama kwa muda. Kisha akasema, "Yego, ndiyo. Ni mzuri sana. Asante, mwanangu." Akainamisha kichwa.

Hapo ndipo kosa lilipotimia, na nataka ulishike vizuri, maana asiyekulia huku hawezi kulielewa. Kwetu, aliyepewa kitu bure hakitoi dosari. Ukikaribishwa pombe ya rubisi iliyochacha, unakunywa na kuisifu migomba ya mwenyeji. Na mkimbizi ndiyo usiseme. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mama yule aliona mara moja kwamba niliyemchora si mwanawe. Lakini angeanzaje kuniambia, mimi niliyemfanyia hisani? Mkata hana kinyongo. Alimeza, akashukuru, na mimi nikaondoka nimevimba kichwa.

Tulikisimamisha kibao karibu na matangi ya maji ya upande wa pili, na chini yake niliandika kwamba binti huyu anatafutwa na mama yake, anayemjua amlete kibanda cha kanisa. Hata wiki haikuisha, akaletwa msichana. Konsolata alikimbia kutoka kwake mpaka kibandani, njia ya nusu saa. Alipofika akasimama, akatikisa kichwa. Yule msichana akarudi alikotoka. Akaletwa wa pili, mama akakimbia tena. Akaletwa wa tatu. Huyu wa tatu, mwanangu, alijua kabisa kwamba si yeye, na bado alishika ncha ya kitenge cha Konsolata hakutaka kuachia. Alikuwa hana mtu. Katekista wa hapo kibandani alimbembeleza vidole kimoja kimoja mpaka akaachia, na wote wawili wakalia, kila mmoja kilio chake.

Mimi nilikuwepo. Sikuelewa. Kwa nini wanaletwa wasichana wasiofanana hata wao kwa wao? Wa kwanza mweusi wa uso wa duara, wa pili mwembamba, wa tatu mrefu. Nilisimama pale na brashi yangu najiona mjinga, na bado sikujua ujinga wenyewe uko wapi.

Aliyenifumbua ni dereva wa lori la mahindi. Alisimama kunywa maji, akakitazama kibao, akaangua kicheko. "Huyu si yule wa saluni ya pale stendi? Naye amepotea?" Watu wakacheka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi niliambiwa, tena na mtu wa mahindi. Sura ile ilikuwa ya kila msichana mzuri, na kwa hiyo haikuwa ya yeyote.

Nikapanda lori lake hilohilo mpaka Ngara mjini kwa Fundi Abdalla.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Mbona uso umeukunja hivyo, umemwaga rangi za watu?"

Nikamweleza yote, kibao, wasichana watatu, dereva. Alicheka sana, kisha akaiweka brashi chini. "Astaghfirullah. We mtoto we! Umemtafutia mama wa watu mwanawe kwa sura ya Mwanaidi?"

"Mwanaidi ndiye nani, Fundi?"

"Mke wangu. Wa kwanza, aliyefariki wewe hujazaliwa. Ulidhani yule wa kwenye saluni nimemtoa wapi, gazetini?" Akafuta mikono kwenye kanzu, polepole. "Mimi nikimchora, namkumbuka. Wewe ulipokuwa unamchora, ulikuwa unamkumbuka nani?"

Miaka miwili nilikuwa napaka uso wa marehemu mke wa mtu kwenye milango ya saluni bila kujua. Na mzee hakuishia hapo. "Ile shingo nimemwongezea, Mungu anisamehe. Hakuwa na shingo yote ile." Sasa changanyikiwa pamoja nami, mwanangu. Yeye ameongeza na haikuwa uongo. Mimi nimeongeza na nimemkimbiza mama mara tatu bure. Nilimuuliza tofauti iko wapi, akaniambia nisimsumbue, yeye ni fundi vibao, si shehe.

Lakini jambo moja alinipa. "Yule mama hakukwambia kitu kwa sababu amepokea kwako," alisema. "Nenda, na wewe upokee kwake. Chochote. Mtu akishatoa, hupata mdomo."

Nikarudi Kasulo. Nikamwambia Konsolata nataka kikapu cha mkono wake. Alinitazama, nadhani alielewa zaidi yangu. Alisuka siku nne kwa nyasi za kilimani, na siku ya tano akanikabidhi kikapu kidogo chenye mfuniko. Ndicho hicho bibi yako anawekea rozari. Nikakipokea kwa mikono miwili, nikasema, "Mama, sasa tumelingana. Kaa hapa. Nikikosea niambie. Ukitaka nitukane."

Loo! Mdomo aliupata. "Hapana," alisema kabla sijafika kidevuni. Nikafuta. "Hapana, huyo amenenepa." Nikafuta. "Hapana, hilo jicho linanikodolea. Mwanangu hamtazami mtu hivyo, hutazama chini kwanza." Mkono wangu ulikuwa unarudi kwa Mwanaidi kila nikisahau, nyusi zikianza kupinda zenyewe, ilibidi niukamate kwa mkono wa pili. "Kovu! Nimekwambia kovu! Wewe kijana masikio yako ni ya mapambo?" Jua likapanda, likaanza kushuka. Rangi zilikuwa zimechanganyika mpaka zimekuwa tope, nyekundu ya mabati na nyeusi ya herufi. Ilifika mahali sikujua tena nachora nini. Nilikuwa nafuata sauti yake tu, akisema shusha nashusha, akisema acha naacha.

Kisha nikamaliza kovu. Nikasubiri "hapana", haikuja. Alinyoosha kidole akaligusa kovu, rangi ingali mbichi, akaacha alama ya kidole pale. Akamwita mwanawe kwa jina lake, kwa sauti, mbele yangu. Alikuwa anakiita kibao. Mimi niliinuka nikaenda kuosha brashi ambazo hazikuhitaji kuoshwa.

Usidhani kilikuwa kibao cha kupendeza. Kilikuwa kibaya, mwanangu! Uso umepinda, jicho moja dogo, bega limeanguka. Tulipokisimamisha mahali pa kile cha kwanza hakuna aliyepiga makofi. Kijana mmoja aliniambia wazi, "Msanii, leo umelewa? Kile cha mwanzo kilikuwa kizuri." Nikarudi kulala nikiwa nimekubaliana naye nusu.

Siku ya tisa tangu tulipokisimamisha, msichana aliyekuja kuteka maji alisimama mbele ya kibao, akatua dumu lake chini, akajishika unyusi. Hakuondoka. Watu wa foleni walipomtazama yeye na kukitazama kibao, wakamshika mkono mpaka kibandani. Siku ya kuvuka, bibi mmoja alikuwa amemwokota njiani akamfanya mjukuu. Mtu alikuwa amemwambia kwamba mama yake alianguka mtoni, akaamini, kwa hiyo naye hakumtafuta. Siku zote hizo alikuwa hapohapo kambini, upande wa pili.

Sitakueleza walivyokutana. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi wakati ule sikuwa mzazi. Nitakueleza kilichofuata. Watu walianza kunibeba, "Msanii! Msanii!" wakinirusha juu, nami nikaanza kutabasamu. Binti akaomba kumwona aliyemchora. Wakaniteremsha mbele yake. Alitazama chini kwanza, kama mama yake alivyosema. Kisha jicho la kushoto likacheka, la kulia likafuata.

"Na ile picha ya kwanza," akaniuliza, "ni wewe pia?"

Nikasema ndiyo.

"Nilikuwa naiona kila nilipopata zamu ya kuteka maji hapa. Walinisomea kilichoandikwa. Nilikuwa nasema moyoni, heri yake huyo dada, yeye ana mama anayemtafuta."

Aliniambia bila chuki hata kidogo, mwanangu. Angenipiga kofi ningeshukuru.

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ningependa niishie hapo niseme basi, kibaya ndicho sanaa na kizuri ni uongo, ukachore. Lakini si hivyo. Kile kibao cha kwanza mwenye hoteli mmoja wa Kasulo alikiomba, akakitundika juu ya birika lake la chai, na miaka mingi wasafiri wamekuwa wakikitazama na kuuliza, nani huyu fundi? Wanafurahi. Je, furaha yao ni ya bure? Na Konsolata, siku wakimbizi wale waliporudi kwao, nilimwona barabarani na mzigo kichwani, na juu ya mzigo kile kibao kibaya, uso ukiangalia mbingu. Binti mwenyewe anatembea kando yake, mzima. Nikajiuliza, sasa hicho kibao cha nini? Sijapata jibu. Na Fundi Abdalla alikufa akiendelea kumwongezea Mwanaidi shingo. Mimi nimebaki katikati yao, najikuna kichwa.

Ila neno la kukupa ninalo, usije ukasema babu amekukalisha bure. Mkono mwepesi si usanii. Mkono ukishajua njia, huacha kumsikiliza mtu, na wewe mkono wako ni mwepesi, nimeuona. Kabla hujamchora mtu, uulize mkono wako unamkumbuka nani. Ukimchora mtu, mpe mdomo wa kukwambia hapana, na kama mila inamfunga, tafuta namna ya kumfungua. Pokea kitu kwake. Ukisifiwa, angalia kama yuko mmoja amenyamaza, umfuate huyo. Na usimrembe mtu mpaka akajipita mwenyewe njiani asijijue. Hayo manne au matano ndiyo niliyoyaokota. Mengine utayaokota wewe, maana kuishi kwingi ni kuona mengi.

Mungu akubariki, mwanangu. Akubariki mkono, lakini aanze na sikio. Asikunyime watu wa kukukatalia, na siku moja akujalie mtu asimame mbele ya kazi yako, atue mzigo wake chini, ajishike uso.

Haya, nenda kailete ile picha. Yatoe haya mawili ya mbele, na hili la pembeni lililovunjika usilisahau, bibi yako atakuonyesha lilipo. Ukimaliza uniletee tena, safari hii sitakohoa.